Ukaguzi wa NICS Marekani: kaunta iko haraka, makarani wako nyuma

Anayenunua bastola kwenye duka lenye leseni nchini Marekani hupitia huduma ambayo wengi hawaijui hata jina, ingawa ndiyo inayoamua kama ataondoka na silaha au mikono mitupu. Huduma hiyo ni NICS, mfumo wa taifa wa kumkagua mnunuzi wa silaha papo kwa papo. Unaendeshwa na FBI kutoka Clarksburg, jimbo la West Virginia, na ulianza kazi tarehe 30 Novemba 1998, miaka 5 kamili baada ya Rais Bill Clinton kutia saini Sheria ya Brady, ile iliyoagiza ukaguzi huu. Hufanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 usiku kwa saa za mashariki mwa nchi, siku 7 kwa wiki, na hufungwa Krismasi tu. Mahali ambapo FBI wanakagua wenyewe, mnunuzi halipi hata senti. Majimbo kama California na Florida yana ofisi zao za ukaguzi, na huko kuna ada.

Tathmini hii inaupima mfumo huo kwa kazi iliyoupa uhai: mtu mwenye haki yake apate silaha bila kusumbuliwa, na mtu hatari asipate. Kazi ya kwanza unaifanya vizuri sana. Ya pili unaifanya kwa kadiri tu ya yale aliyoyaandika karani wa mahakama ya kaunti miaka kadhaa nyuma, na hapo ndipo watu wamekufa.

Kwa aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania, jambo la kwanza la kuelewa ni nani anayebeba mzigo. Kwetu mwombaji ndiye anayeieleza serikali kwa nini anataka silaha, na serikali inaweza kukaa kimya hadi iridhike. Marekani mambo yamegeuzwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba yanahesabu kumiliki silaha kuwa haki, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba huyu haruhusiwi, tena kwa saa inayohesabiwa. Ikichelewa, mnunuzi anaweza kuchukua silaha yake. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya nguvu na udhaifu wa NICS inajieleza yenyewe.

Kaunta kwanza. Mnunuzi hupewa Fomu 4473 ya ATF, idara inayosimamia silaha. Muuzaji hujaza aina ya silaha na namba yake ya pekee, mnunuzi hujaza habari zake kwa mkono wake au kwenye kompyuta ya duka: jina kamili, anwani ya anakoishi (sanduku la posta halikubaliki), mahali alipozaliwa, urefu, uzito, tarehe ya kuzaliwa, uraia. Asiye raia huandika namba yake ya uhamiaji. Namba ya hifadhi ya jamii ni hiari, lakini kuiacha wazi ni kujitafutia shida, kama tutakavyoona.

Baadaye yanafuata maswali ya ndiyo au hapana. La kwanza ndilo linaloangusha wengi: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Anayemnunulia rafiki aliyempa pesa kwa sababu rafiki huyo hawezi kupita ukaguzi ametenda kosa pale pale anapotia tiki. Tangu Juni 2022, kosa hilo la kumnunulia mtu asiyeruhusiwa lina adhabu ya hadi miaka 15, na hadi 25 kama silaha inakusudiwa kwa uhalifu mkubwa, ugaidi au biashara ya dawa za kulevya. Zawadi ya kweli, iliyonunuliwa kwa pesa zako mwenyewe kwa ajili ya mtu anayeruhusiwa, haina tatizo. Maswali mengine yanahusu hatia ya kosa linaloweza kuleta kifungo cha zaidi ya mwaka 1, kukimbia kesi, dawa za kulevya, kulazwa hospitali ya akili kwa amri, kufukuzwa jeshini kwa fedheha, amri ya mahakama ya kumlinda mwenza, na hatia ya kumpiga mtu wa nyumbani hata kama kosa lilikuwa dogo. Kuhusu bangi, fomu yenyewe ina onyo kwamba kuruhusiwa na jimbo hakubadilishi sheria ya taifa. Wengi hulipita onyo hilo bila kulisoma.

Kwa wenzetu wanaoishi huko: mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, haruhusiwi isipokuwa awe na sababu ya pekee inayotajwa na sheria, na leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mojawapo. Wapo wanaodhani leseni ya udereva inatosha. Haitoshi.

Fomu ikikamilika, muuzaji hupiga simu au hutuma majina kwa mtandao. NICS huyapitisha katika hazina 3 kwa pamoja: faharasa ya historia za jinai za majimbo yote, hazina ya watu wanaotafutwa na amri za ulinzi, na orodha ya NICS yenyewe ya watu waliopigwa marufuku kwa sababu ambazo mara nyingi hazimo katika rekodi za jinai, kama maamuzi ya afya ya akili. Karibu 9 kati ya ukaguzi 10 hupata jibu papo hapo. Jibu ni moja kati ya matatu: Endelea, Subiri au Amekataliwa. Wanaokataliwa ni wachache, kama mmoja au wawili katika kila mia. Muuzaji haambiwi sababu, na hilo ni sahihi, kwa maana mambo ya mahakamani na hospitalini ya mteja si ya kusikilizwa kaunta.

Jibu la Endelea likitoka, habari za mnunuzi hufutwa katika kompyuta za FBI ndani ya saa 24. Fomu hubaki dukani kwa muuzaji. Ndivyo sheria ilivyopangwa, ili serikali isijijengee daftari la wenye silaha wote, jambo ambalo Bunge lililikataza mwaka 1986. Naona ni bei ya haki iliyolipwa kwa macho wazi. Ila ina matokeo yake: mtu aliyenunua bastola Januari na kuhukumiwa Machi kwa kumpiga mkewe, hakuna kengele inayolia Clarksburg. Ukaguzi ni wa siku ile tu. California ilijitengenezea tiba yake, hazina inayolinganisha wenye silaha waliosajiliwa na rekodi mpya za mahakama, na maofisa wa jimbo hubisha hodi kuzichukua. Majimbo mengi hayana kitu cha namna hiyo.

Sasa tuje kwenye neno Subiri, kwani ndipo mfumo mzima unapojaribiwa.

Kompyuta ikipata kitu kinachofanana na kizuizi lakini hakijakamilika, kesi huenda kwa mchunguzi wa FBI. Sheria inampa siku 3 za kazi. Kuhesabu huanza siku inayofuata, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo. Ukaguzi wa Alhamisi unahesabiwa Ijumaa, Jumatatu na Jumanne, na Jumatano muuzaji anaweza kukabidhi silaha hata kama jibu halijaja. Anaweza, halazimishwi. Walmart, kwa mfano, ilijiwekea kanuni ya kutomkabidhi mtu silaha hadi neno Endelea litoke, na duka lolote lingeweza kufanya vivyo hivyo.

Mchunguzi anatafuta nini katika siku hizo? Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo ambacho hakikuandikwa. Chukua rekodi inayosomeka hivi: alikamatwa, shambulio, kosa dogo, ana hatia. Shambulio dhidi ya nani? Kama ni jirani waliyegombana kwenye maegesho, anaruhusiwa kununua. Kama ni mke, mzazi mwenziwe au mtu aliyeishi naye kinyumba, ni marufuku ya taifa tangu 1996. Rekodi haisemi. Inabidi mchunguzi amwandikie karani wa kaunti au polisi waliomkamata, aombe ripoti ya tukio, asubiri mtu afungue kabati la faili na kujibu. Kaunti nyingine hujibu siku hiyo hiyo. Nyingine zina karani mmoja.

Aina ya pili ni kukamatwa bila mwisho wa kesi. Alishtakiwa kwa kosa kubwa miaka mingi iliyopita, je, alihukumiwa au kesi ilifutwa? Polisi walipeleka alama za vidole siku ile ile, mahakama haikuleta hukumu. Aina ya tatu ni amri ya ulinzi iliyoingizwa bila alama ya Brady. Kwenye hazina ya amri hizo kuna kisanduku cha herufi moja tu, ndiyo, hapana au haijulikani, kinachosema kama amri hiyo inamzuia mtu kumiliki silaha. Kisipojazwa sawasawa, mchunguzi anaanza upya kusoma amri yenyewe: je, mlalamikiwa alipewa taarifa, je, alikuwa na nafasi ya kusikilizwa, je, wawili hawa walikuwa wenza? Hapa pana pengo ambalo lazima lisemwe. Amri ya dharura inayotolewa upande mmoja usiku ule mwanamke alipokimbia nyumba haihesabiki kwa sheria ya taifa, kwa kuwa mwanamume hajasikilizwa bado. Ni kanuni ya haki, ninaielewa. Lakini siku zile za mwanzo, kabla ya kikao, ndizo zenye hatari kuliko zote, na majimbo yasiyoliziba pengo hilo kwa sheria zao yanawaacha wanawake peke yao katika siku hizo.

Pale amri inapokuwa kamili, msingi wake sasa ni imara. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2022 katika kesi ya Bruen mahakama nyingi zilianza kupima upya sheria za silaha kwa kigezo cha historia, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 5 ikaiangusha marufuku hii katika kesi ya Rahimi. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha kwa kura 8 dhidi ya 1: mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio la kweli kwa usalama wa mwingine anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Huo ni uamuzi unaowapa makarani sababu ya kukijaza kisanduku kile.

Gharama ya siku 3 ilionekana Charleston, South Carolina. Jumamosi tarehe 11 Aprili 2015 kijana aliomba kununua bastola. Jibu likawa Subiri. Mchunguzi aliona kukamatwa kwa dawa za kulevya, na maelezo ya polisi yalionyesha kwamba kijana alikiri kuwa na dawa hizo, jambo ambalo lingetosha kumkataa. Ila rekodi ilitaja ofisi isiyo sahihi kuwa ndiyo iliyomkamata. Mchunguzi akauliza kwingine, maelezo yakabaki kwa polisi wa Columbia. Jumatatu, Jumanne, Jumatano zikapita. Alhamisi tarehe 16 akakabidhiwa bastola kihalali. Tarehe 17 Juni aliua watu 9 waliokuwa kwenye mafunzo ya Biblia katika kanisa la Emanuel. Mkurugenzi wa FBI wa wakati huo, James Comey, alikiri hadharani kwamba mtu yule hakupaswa kuipata silaha ile, na mwaka 2021 serikali ilikubali kuzilipa familia na manusura dola milioni 88. Kabati moja lisilofunguliwa.

Kuna makosa mabaya kuliko kuchelewa: rekodi kutokupelekwa kabisa. Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mtu wa Jeshi la Anga mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi halikutuma alama za vidole wala hukumu kwa FBI. Akanunua silaha madukani, akajibu maswali ya fomu kwa uongo, na kila mara NICS ikasema Endelea, kwani haikuwa na kitu cha kusema tofauti. Tarehe 5 Novemba 2017, Sutherland Springs, Texas, waliuawa 26, akiwemo mtoto aliyekuwa tumboni. Kabla ya hapo, Virginia Tech mwaka 2007, waliuawa 32 na mwanafunzi ambaye hakimu alikwisha kumwona ni hatari kwa nafsi yake na kumwamuru atibiwe bila kulazwa. Jimbo lilidhani amri ya matibabu ya nje haipelekwi. Kwa sheria ya taifa, ilipaswa kupelekwa.

Mtu atauliza, kwa nini majimbo yasilazimishwe? Kwa sababu ya hukumu ya Printz ya 1997: Bunge la taifa haliwezi kuwaamrisha maofisa wa jimbo kuifanyia kazi serikali kuu. Ndiyo maana sheria iliyosainiwa Januari 2008 baada ya Virginia Tech, na ile ya Machi 2018 baada ya Sutherland Springs, zinatumia ruzuku na kuwataja hadharani wasiopeleka rekodi. Idara za taifa, jeshi likiwemo, sasa zinapaswa kuthibitisha mara mbili kwa mwaka kwamba zimepeleka rekodi. Kati ya marekebisho yote, hili la kuthibitisha ndilo ninalolithamini zaidi, ingawa halipigiwi kelele. Halimgusi mnunuzi mwenye haki hata kidogo, na linagusa ugonjwa wenyewe.

Sheria ya 2022 iliongeza muda kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Mchunguzi huwasiliana na ofisi zinazotunza rekodi za makosa ya watoto, hazina ya afya ya akili ya jimbo, na polisi wa anakoishi mnunuzi. Akiona sababu ya kuchimba zaidi ndani ya siku 3, anapata hadi siku 10 za kazi. Ni kipimo kizuri: hakimzuii kijana asiye na kitu, na kinampa mchunguzi wa kesi iliyokwama wiki nzima ya ziada.

Je, ikigundulika baada ya kukabidhi kwamba mnunuzi hakupaswa kupewa? ATF huarifiwa ili waifuate silaha, na kesi hizi hutokea kwa maelfu kila mwaka. Ofisa anakwenda nyumbani kwa mtu mwenye rekodi, ambaye sasa anajulikana kuwa na silaha. Maji yameshamwagika, na anayetumwa kuyazoa anahatarisha maisha yake. Tangu Oktoba 2022, mtu akikataliwa, polisi wa eneo lake hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 24. Zamani aliyedanganya kwenye fomu aliweza kutoka na kwenda kujaribu duka la pili bila askari yeyote wa mji kujua.

Au asiende duka la pili. Sheria ya taifa haimtaki mtu wa kawaida asiye muuzaji kumkagua mwenzake wa jimbo lile lile. Mtu aliyeua watu 7 Midland na Odessa, Texas, Agosti 2019, alikataliwa na NICS mwaka 2014. Mfumo ulifanya kazi yake. Bunduki aliyoitumia aliinunua kwa mtu binafsi. Majimbo kama Colorado, Washington na New York yanataka mauzo hayo yapitie duka lenye leseni, likague kwa ada. Kwa atakaye kuuza silaha yake kwa asiyemjua katika jimbo lisilolazimisha, bado anaweza kumwomba mwenye duka afanye ukaguzi huo. Mnunuzi mwenye rekodi safi hapotezi zaidi ya muda kidogo na ada ya duka. Mnunuzi anayekimbia akisikia neno ukaguzi ameshajibu swali.

Upande wa mwenye haki pia una majeraha, na unastahili nafasi yake. Ukaguzi unatumia jina na tarehe ya kuzaliwa, si alama za vidole. Wakimbizi wengi waliofika Marekani kutoka Kongo, Somalia na kwingineko waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa hawakuwa na cheti. Weka hapo jina kama Juma Hassan au Amina Ali, na mtu asiye na kosa lolote anafanana na wengine wengi kwenye kompyuta. Anaambiwa Subiri kila anaponunua. Majina yetu matatu nayo huleta mkanganyiko: jina la babu ndilo la mwisho kwenye leseni ya udereva, jina la baba ndilo la mwisho kwenye kadi ya ukaazi. Andika kwenye fomu kama lilivyo kwenye kitambulisho unachokitoa. Asiye na jina la kati ataandika herufi NMN, asiache wazi. Na hapa ndipo namba ya hifadhi ya jamii inapomtenganisha na mwenzake wa jina.

Anayecheleweshwa kila mara anaweza kupeleka maombi na alama za vidole kwa FBI ili awekwe katika faili ya hiari. Akikubaliwa, hupewa namba ya pekee ya kuandika kwenye Fomu 4473 kila anaponunua, na FBI huruhusiwa kutunza habari zake kwa ajili hiyo. Aliyekataliwa achukue namba ya muamala kwa muuzaji kabla ya kutoka dukani, aiombe FBI sababu kwa maandishi, na sheria inawapa siku 5 za kazi kuitoa. Mara nyingi sababu ni kesi iliyofutwa ambayo kufutwa kwake hakukuandikwa. Hapo FBI hawawezi kurekebisha wenyewe, kwa maana rekodi ni ya jimbo. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti kesi ilikosikilizwa, omba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, itume FBI pamoja na alama za vidole, kisha mwombe karani huyo huyo apeleke uamuzi kwenye hazina ya jimbo. Usiondoke kwenye dirisha lake kabla hajakuonyesha kwamba umeingizwa.